Mteja wa elfu kumi na mbili hahitaji alenki tisa mbovu

Leo sina tangazo. Nataka tuongee kitu kimoja kidogo sana, kinakaa mfukoni, ila kilinikula karibu mtaji wote wa mwezi mmoja. Naongelea alenki. Wengine wanaita spana ya L, wengine funguo za L. Ile chuma yenye pembe sita iliyokunjwa kama herufi L, unaingiza kwenye tundu la bolti unazungusha.

Mimi niko Ruhuwiko, hapa Songea. Nimeishia kidato cha nne, ufundi sijasomea na biashara sijasomea. Nilianza kuuza vifaa vya mkono kwenye statasi ya WhatsApp nikiwa na meza moja tu nje ya nyumbani, sasa hivi nina kachumba ka kuwekea mzigo. Ninachoandika hapa nimejifunza kwa kupigwa, sio kwa kufundishwa.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni ili usipoteze muda: usiuze seti ya alenki ambayo hujaipima na kuizungusha kwa mkono wako. Na mteja akiwa na hela ndogo, usimpe seti kubwa mbovu. Mpe funguo chache nzuri. Sasa ngoja nikueleze nimefikaje hapo.

Mwaka juzi niliona seti za alenki za vipande tisa zinauzwa jumla 6,500. Picha kali, zinang'aa kama vijiko vya harusi, zimepangwa kwenye kishikio chekundu. Nikapiga hesabu ya haraka: nauza 12,000, faida 5,500 kila seti. Nikaagiza seti 40, sawa na 260,000. Mzigo ukaja na basi kutoka Dar, nikafungua boksi, nikapiga picha, nikaposti. Sikutoa hata funguo moja nikaingiza kwenye bolti. Niliandika "Seti kali, chuma kigumu, haipindi." Hayo maneno niliyatoa wapi? Kwa aliyeniuzia. Nilinakili tu.

Zikaenda tisa ndani ya wiki mbili. Mmoja wa wanunuzi alikuwa mzee mwenye mashine ya kusaga, njia ya Namtumbo. Ilikuwa msimu ambao mahindi yameshavunwa, foleni ya ndoo na viroba iko nje. Puli ya mota ikaanza kucheza kwenye shafti. Mnaojua mashine mnajua, ile puli inabanwa na bolti fupi isiyo na kichwa, ina tundu la pembe sita, na mara nyingi unaikaza kwa alenki namba 5. Mzee akatoa seti yangu, akaingiza namba 5, akakaza. Funguo ikazunguka, bolti ikabaki pale pale. Akajaribu tena. Tundu la bolti likaliwa, likawa duara. Baada ya hapo hata alenki ya dhahabu haishiki tena.

Mashine ilisimama siku mbili. Fundi alitoka mjini na drili, akatoboa bolti, akaweka nyingine. Alilipwa 35,000. Mahindi ya watu yakaenda mashine ya jirani.

Siku ya tatu mzee akaja kwangu na bodaboda. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakufoka. Akafungua leso, akaiweka ile namba 5 juu ya meza, akaniuliza: "Mwanangu, hii uliijaribu wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani angenitukana tu.

Nilimrudishia 12,000 yake na ile 35,000 ya fundi. Akapokea, akanishukuru, akaondoka. Mpaka leo hajanunua tena kwangu, na simlaumu. Hela ya siku mbili za mashine sikumlipa, na wale wateja waliohamia kwa jirani sikuweza kumrudishia.

Baada ya hapo nikawapigia wote nane waliobaki. Watano wakarudisha seti, nikawarudishia hela. Wawili wakasema wao wanafungia vitanda na viti vya ofisi, hawana shida nazo. Mmoja hakupokea. Kwa hiyo waliorudisha na yule mzee ni sita, ni 72,000 imetoka. Stoo nikabaki na seti 37. Rafiki yangu mmoja akanishauri: "Shusha bei mpaka elfu nane, zitaisha, wanunuzi watakuwa watu wengine." Nilikaribia kumsikiliza, sitaki kudanganya. Hela yangu ilikuwa imelala pale. Ila kila nikishika simu nione nitaandika nini kwenye tangazo, naliona lile swali la mzee. Nikabakiza seti mbili za kuonyesha watu, zingine 35 nikawauzia wanaonunua chuma chakavu kwa kilo. Nilichopata kilikuwa hela ya vocha.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Kwa nini alenki mbovu ni hatari kuliko bidhaa nyingine mbovu?

Ukiuza kikombe kibovu, kinavunjika kikombe. Ukiuza soksi mbovu, inatoboka soksi. Alenki mbovu haiishii kwenye alenki. Inaharibu bolti ya mteja, na ile bolti iko kwenye breki ya pikipiki, kwenye puli ya mashine, kwenye usukani wa baiskeli. Kifaa cha elfu kumi na mbili kinaharibu kitu cha laki kadhaa. Ndio maana neno "bei rahisi" hapa linadanganya. Bei uliyoandika ni ya kuanzia tu, inayobaki mteja anailipa baadaye kwa fundi.

Sababu yake ni ndogo sana ukiiangalia. Pembe sita za funguo zinatakiwa zikae kwenye pembe sita za tundu karibu bila nafasi. Funguo ikiwa nyembamba kidogo, haigusi ule ubavu wote, inagusa kwenye kona tu. Ukikaza, nguvu yote inakwenda kwenye zile kona, ama kona za funguo zinalika ama kona za tundu. Baada ya tukio la mzee nilinunua venia, ile ya kusoma namba kwenye kioo kidogo. Nikapima namba 5 ya seti ile. Ikasoma 4.81. Nikaenda kwa fundi pikipiki mmoja hapa mtaani, ana seti yake ya zamani hataki hata kuiazimisha, nikapima namba 5 yake. 4.97. Hiyo tofauti huioni kwa macho, na kwenye picha ndio kabisa. Ila bolti inaiona.

Basi hivi ndivyo ninavyochagua seti siku hizi. Kwanza naagiza sampuli moja tu, naipitisha kwenye hatua hizi, ndipo naongea habari ya mzigo.

1. Pima upana. Weka venia ubavu kwa ubavu, sio kona kwa kona. Namba 5 isizidi 5.00 kwa sababu haitaingia, na isishuke sana. Mimi ikisoma chini ya 4.95 naiacha. Pima 4, 5 na 6 kwanza, hizo ndizo zinazofanya kazi kila siku. Pima sehemu mbili tatu za funguo hiyo hiyo; kuna seti nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine.

2. Angalia ncha. Ncha ikatwe imenyooka, kona zake ziwe kali. Ukiona ncha imeviringika kama pipi iliyolambwa, au ina makovu ya kukatwa vibaya, hiyo itateleza siku ya kwanza.

3. Jaribu na tupa. Pitisha tupa taratibu kwenye mkono wa funguo. Chuma kilichopitishwa vizuri kwenye moto, tupa linateleza au linang'ata kwa shida. Chuma laini, tupa linakula kama unasugua msumari. Fanya kwenye ile ya sampuli, usiende kuchubua mali ya mtu dukani kwake.

4. Izungushe kweli. Bana bolti ya M8 kwenye jiliwa, ingiza namba 6, vuta kwa mkono wako wote. Nzuri inapinda kidogo kisha inarudi ilivyokuwa. Laini inabaki imejisokota, utaiona kama kamba. Iliyokaushwa kupita kiasi inakatika ghafla, kwa hiyo weka uso mbali. Usiongeze bomba ili upate nguvu zaidi. Hata nzuri haikutengenezwa kwa bomba.

5. Usiuziwe rangi. Kuna nyeusi nzuri na nyeusi mbovu, kuna za kung'aa nzuri na mbovu. Rangi na mng'ao ni ngozi ya juu tu ya kuzuia kutu. Kama ile ngozi inabanduka kwa ukucha, achana nayo.

6. Maandishi ni dai, sio ushahidi. Utakuta Cr-V, maana yake chuma kilichochanganywa na kromi na vanadi. Utakuta S2, ni chuma cha kutengenezea vifaa kinachovumilia kupigwa na kusokotwa. Vyote ni vizuri vikiwa vya kweli. Utakuta pia ISO 2936, hicho ni kiwango cha kimataifa cha alenki. Lakini mashine ya kuandika herufi ni rahisi kuliko mashine ya kukausha chuma. Soma maandishi, kisha rudi hatua ya kwanza ukapime.

Na ukikuta jina la kampuni kubwa kwa bei ya kutupwa, jiulize mara mbili. Bidhaa feki ni kosa kisheria hapa kwetu. Kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, ile FCC, ndio inashughulika nazo. "Sikujua, nimenunua jumla" ni utetezi mwembamba sana mzigo ukiwa kwenye chumba chako.

Kingine ni tangazo. Sisi tunaouza mtandaoni tuna mzigo wa ziada. Mteja wa dukani anashika, anapima kwa jicho, anagonga chuma sakafuni asikie mlio. Mteja wako anaona picha. Amekukabidhi wewe mikono yake. Kwa hiyo yale ambayo angeyagundua kwa kushika, wewe uyaandike.

Andika vipimo vyote kimoja kimoja. Seti ya kawaida ya vipande tisa ni 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 8 na 10, milimita. Kuna seti zenye vipande tisa ambazo hazina 10, na mteja anayefungua bolti ya M12 ndiyo anayoitafuta.

Andika kama ni milimita au inchi. Hapa watu wengi wanalizwa. Ya inchi 3/16 ni kama milimita 4.76. Inaingia kwenye tundu la 5 bila shida, mtu anafurahi, akikaza inamlia bolti. Pikipiki zetu nyingi zinatoka India, China na Japani, bolti zake ni za milimita. Ukimuuzia bodaboda seti ya inchi bila kumwambia, hujamuuzia kitu.

Msaidie kujua namba gani ni ya kazi gani. Kwa bolti za kawaida zenye kichwa cha duara kirefu, M5 inatumia alenki 4, M6 inatumia 5, M8 inatumia 6, M10 inatumia 8. Nimeiweka hii kama picha moja, naituma kwa kila anayeuliza. Inaniuzia kuliko tangazo lolote.

Muulize tundu lina umbo gani. Wapo wanaosema alenki kumbe bolti yake ni ya nyota, na ukimuuzia ya pembe sita atailazimisha. Mwambie akutumie picha ya bolti kabla hajatuma hela.

Zile zenye ncha ya duara kama kijipira, sema ukweli wake. Zinaingia zikiwa zimelala upande, nyuzi kama 25, zinasaidia sana mahali mkono haufiki. Ila shingo yake ni nyembamba. Ni za kuzungushia haraka, sio za kukazia mwisho wala kulegeza bolti iliyoganda. Hiyo kazi ifanywe na ule upande wa pili, mfupi, ulionyooka.

Na kwenye tangazo weka majina yote watu wanayotumia: alenki, spana ya L, funguo za L, spana ya pembe sita. Hilo jina alenki lenyewe limetokana na kampuni ya Allen ya Hartford kule Marekani, William Allen alipata hataza ya kutengeneza bolti za aina hii mwaka 1910. Wajerumani wao wanaita Inbus. Kila sehemu na jina lake, kwa hiyo usiandike jina moja halafu ushangae watu hawakupati.

Sasa najua kuna mtu anasema: "Wewe unaongea hivyo, lakini wateja wangu hawana hela. Wanataka cha elfu kumi na mbili." Hii hoja naiheshimu, sio ya kupuuza. Mtaani hela ni ngumu. Seti nzuri ninayouza sasa naichukua 15,000, nauza 24,000. Sio kila mtu anayo 24,000 ya kutoa siku moja. Na haziendi kasi. Nilianza na kumi tu, zilichukua miezi miwili kuisha, wakati zile mbovu tisa zilitoka wiki mbili. Anayekwambia ubora unauza haraka anakuficha.

Lakini tuangalie hiyo elfu kumi na mbili vizuri. Bodaboda anayefungua na kufunga pikipiki yake anatumia namba ngapi? Namba 4, 5 na 6 zinamalizia kazi zake nyingi. Zile 1.5 na 2 anaweza akamaliza mwaka hajazigusa. Sasa kwa nini tunamlazimisha anunue tisa? Kwa sababu tisa zinaonekana nyingi kwenye picha. Hiyo ni tamaa yetu sisi wauzaji, tumeivisha koti la "mteja hana hela."

Mimi siku hizi nachukua pia za moja moja. Jumla 2,500, nauza 4,000. Mteja mwenye 12,000 namuuzia tatu nzuri: 4, 5 na 6. Faida yangu ni 4,500, imepungua 1,000 tu kwenye ile ya seti mbovu, na hakuna anayerudi na leso. Mwenye 4,000 namuuzia moja anayoihitaji leo. Akipata hela anarudi kuongeza. Wanarudi kweli, na wakirudi wanauliza na koleo na bisibisi.

Na wale wawili waliosema seti zile zinawafaa kwa vitanda? Wako sahihi. Kazi nyepesi ipo na kifaa chepesi kipo. Ukiwa nazo, uza, ila andika wazi: "Za kufungia vitanda na viti. Sio za mashine wala breki." Ukiona unaogopa kuandika hivyo kwa sababu hazitanunuliwa, basi umeshajua ulikuwa unauza nini.

Wenzangu, hatuna maghala wala mabango barabarani. Tuna namba ya simu ambayo watu wameisevu. Mimi zile seti 40 zilinipotezea 224,000 ya mzigo na 35,000 ya fundi, hapo bado nauli na kuzungushwa. Ningenunua moja ya sampuli nikaizungusha kwenye bolti, ningepoteza 6,500.

Zile seti mbili bado ninazo. Moja iko juu ya meza, karibu na venia. Kijana akija kuniuliza aanze vipi kuuza vifaa, simpi hotuba. Nampa namba 5 ya ile seti, nampa na bolti, namwambia kaza.